Usafiri wa mjini: tujipime na wenzetu, ila tusisafirie nyota yao

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha wiki.)

Wiki hii nina barua mkononi. Si barua ya msikilizaji. Ni barua ya onyo aliyopewa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Barua inasema kwa kifupi kwamba katika mwezi mmoja amechelewa kuingia zamu mara sita, na kwamba akirudia hatua zitachukuliwa. Aliniletea Jumapili, tukiwa tumemaliza kula. Akanisubiri niisome mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjomba, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nani anaweza kuniambia nitoke saa ngapi ili nifike saa moja na nusu?"

Sikuwa na jibu. Na kilichonitia uchungu zaidi ni maelezo yake kuhusu mwenzake wa zamu ya usiku. Mama yule ana mtoto mchanga nyumbani. Hawezi kuondoka wodini mpaka wa kumpokea afike. Kwa hiyo gari likichelewa huku kwetu, mtoto analia kule kwao, na mgonjwa aliye katikati anahudumiwa na mtu ambaye hajalala usiku kucha. Wengi tunadhani adha ya usafiri inaishia kituoni. La hasha. Inapanda gari pamoja nasi, inaingia kazini, inaingia darasani, inaingia wodini.

Nikaamua kufanya kile nilichofundishwa chuoni, yaani kwenda kuona mwenyewe. Nilichukua daftari la shule la mwanangu na kukaa kituoni asubuhi tatu mfululizo, nikaandika kila gari la njia ile na dakika lilipopita. Asubuhi ya kwanza, ndani ya saa moja, yalipita magari 14. Nikajiambia, mbona si haba? Magari 14 kwa saa ni wastani wa gari moja kila dakika nne na ushee. Ofisa yeyote akiletewa takwimu hiyo mezani atasema njia hiyo haina shida.

Lakini daftari langu lilikuwa na habari nyingine. Kulikuwa na dakika 23 ambazo halikupita gari hata moja. Baada ya hapo yakaja matano kwa mkupuo, moja nyuma ya jingine, na mawili kati ya hayo yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni, hayakusimama. Watu waliokuwa kituoni hawakupanda wastani. Walipanda lile gari la sita, au hawakupanda kabisa.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wenzetu wa miji mingine wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, nami leo nataka tulizungumze taratibu, kwa sababu lina hesabu ndogo ndani yake.

Chukua njia yenye mabasi sita kwa saa. Yakija kwa mpangilio, moja kila baada ya dakika kumi, mtu anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri wastani wa dakika tano. Sasa chukua mabasi yale yale sita, madereva wale wale, mafuta yale yale, lakini yaje matatu matatu kila nusu saa. Mtu yule yule atasubiri wastani wa dakika 15. Hakuna basi lililopungua, ila usumbufu umeongezeka mara tatu.

Chukua mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Basi moja linapita, la pili linalifuata baada ya dakika mbili, kisha la tatu linakuja baada ya dakika 18. Katika kila dakika 20, watu wanaobahatika kufika ndani ya zile dakika mbili ni mmoja kati ya kumi, na huyo husubiri wastani wa dakika moja. Tisa waliobaki wanaangukia kwenye pengo la dakika 18, nao husubiri wastani wa dakika tisa. Ukiwajumlisha wote unapata wastani wa dakika nane na sehemu mbili za kumi. Ratiba iliahidi dakika tano. Kwa hiyo kila abiria ameibiwa dakika tatu na ushee, na hakuna polisi wa kumshitakia.

Dakika hizo za ziada ndizo wanazozipima London. Kwenye njia ambazo basi linatakiwa kupita kila dakika 12 au chini ya hapo, wakuu wa usafiri wa jiji lile hawaulizi basi lilifika kwa saa iliyoandikwa au la. Wanauliza abiria alisubiri muda gani zaidi ya ule ambao angesubiri kama mabasi yangepita kwa mpangilio. Tangu mwaka 2001 mikataba ya kampuni zinazoendesha mabasi hayo ina kipengele kinachoongeza au kupunguza malipo kufuatana na kipimo hicho. Mwaka 2000 dakika hizo za ziada kwa jiji zima zilizidi mbili. Miaka michache baadaye zilikuwa zimeshuka mpaka karibu na moja. Haki iko wapi tukisema ni mikataba peke yake iliyoleta hayo? Fedha za mabasi ziliongezwa katika miaka hiyo, na Februari 2003 jiji lilianza kutoza ada magari madogo yanayoingia katikati ya mji. Lakini bila kipimo, hakuna ambaye angejua kama fedha hizo zimezaa kitu.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kujipima ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kujipima na wenzako. Wataalamu wana jina lao la Kiingereza kwa kazi hii, nalo limetoka kwa wapimaji wa ardhi, waliokuwa wakichonga alama kwenye jiwe lisilohama ili vimo vyote vya mahali pale vipimwe kutoka hapo. Sisi tunayajua mawe ya bikoni pembeni mwa viwanja vyetu. Jirani akisogeza uzio, mnarudi kwenye bikoni. Basi na katika kazi ni hivyo hivyo: mtu akisema "sisi tunafanya vizuri", unamwuliza, vizuri kutoka jiwe gani?

Katika biashara, fikra hii ilipata umaarufu kupitia kampuni ya Marekani iitwayo Xerox, iliyokuwa mfalme wa mashine za kutoa nakala. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iligundua kwamba Wajapani wanauza mashine zao sokoni kwa bei inayolingana na gharama ya Xerox ya kutengeneza tu. Badala ya kulalamika, wakakaa chini kulinganisha hatua kwa hatua. Na jambo la kufurahisha ni kwamba, walipotaka kuboresha maghala yao, hawakwenda kwa watengeneza mashine wenzao. Walikwenda L.L. Bean, duka la jimbo la Maine linalouza nguo na viatu vya matembezi ya porini kwa njia ya posta, kwa sababu watu wale walikuwa hodari wa kuokota vitu vingi vya aina tofauti rafuni na kuvifunga haraka. Tunaweza kujifunza hata kwa mtu ambaye hafanyi kazi yetu, ilimradi tumejua ni kipande gani cha kazi tunachotaka kujifunza.

Katika usafiri wa mijini, hatua kubwa ilianza mwaka 1994. Shirika la treni za chini ya ardhi la Hong Kong liliungana na wenzao wa London, Paris, New York na Berlin ili walinganishe takwimu zao. Kundi hilo lilikua, likachukua jina la CoMET, na mashirika ya miji mingine mikubwa yakajiunga. Mwaka 1998 kukazaliwa kundi la pili, Nova, kwa ajili ya treni za ukubwa wa kati, na mwaka 2004 likaja kundi la kimataifa la mabasi. Kazi ya kukusanya na kulinganisha wamepewa wataalamu wa chuo cha Imperial College cha London, ili asiwepo mwanachama wa kujisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Wanalinganisha nini? Si mambo ya ajabu. Kati ya magari yote uliyonayo, mangapi yametoka gereji asubuhi? Gari linakwenda kilometa ngapi kabla ya kuharibika njiani? Linasimama kituoni sekunde ngapi? Kila kilometa moja inagharimu kiasi gani, na abiria wangapi wamebebwa kwa gharama hiyo? Watu wangapi wameumia? Maswali haya hata mwenye daladala moja anaweza kuyajibu akiwa na daftari na kalamu.

Ugumu uko kwenye kuhakikisha mnapima kitu kimoja. Huyu akisema "gari limeharibika", anamaanisha limezimika barabarani na abiria wameshushwa. Yule anahesabu hata taa iliyoungua. Ukiziweka takwimu zao pamoja bila kuuliza, aliye mkweli ataonekana mzembe na aliye mzembe atapewa zawadi. Pia haifai kulinganisha jumla kwa jumla. Mji wenye mabasi elfu utakuwa na ajali nyingi kuliko mji wenye mabasi mia. Unachotakiwa kulinganisha ni ajali kwa kila kilometa milioni zilizokwenda. Na baada ya yote hayo, bado mishahara si sawa, barabara si sawa, na mvua za masika hazinyeshi Berlin.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii wanasema takwimu ni mlango tu. Ukiona mwenzako anasimama kituoni sekunde 30 na wewe unasimama dakika mbili, hujajua lolote bado. Umejua tu swali la kumwuliza.

Nitoe mfano. Mji wa Curitiba, Brazil, unasifika kwa mabasi yake yanayopita kwenye njia zake yenyewe tangu mwaka 1974. Mwaka 1991 walianza kutumia vituo vyenye umbo la bomba la kioo. Abiria analipa kabla ya kuingia kituoni, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Basi likifika, milango inafunguka, watu wanatoka na kuingia kama wanaopita sebuleni, basi linaondoka. Hakuna foleni ya kulipa mlangoni wala ngazi za kupanda. Wageni wengi walikwenda kuona na kurudi kwao wakisema: "Siri ni kulipa kabla."

Siri hiyo ni ya kweli, lakini ni jibu la swali gani? Katika miji mingi ambako dereva ndiye anayeuza tiketi, basi husimama mpaka wa mwisho amalize kulipa. Kwenye daladala zetu, konda hukusanya nauli gari likiwa linakwenda. Kwa kipande hicho kimoja cha kazi, konda wetu, pamoja na matusi yake yote, ni hodari kuliko dereva wa Ulaya aliyekuwa akitoa chenji gari limezimwa. Gari letu halikai kituoni kwa sababu ya nauli. Linakaa kwa sababu halijajaa, na mpiga debe bado anaita.

Na kwa nini lisiondoke kabla ya kujaa? Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana watu hudhani daladala hazina kipimo. Zinacho, tena kimoja chenye nguvu sana. Kinaitwa hesabu. Dereva anakabidhi kwa mwenye gari kiasi kilichokubaliwa kila jioni, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda wake. Huo ndio mtihani wao wa kila siku, na hauna swali hata moja kuhusu abiria.

Sasa angalia jinsi mtihani unavyozaa majibu. Gari linasubiri lijaze, kwa sababu kiti kitupu hakilipi hesabu. Likishajaa linakimbizana na mwenzake, kwa sababu atakayewahi kituo cha mbele ndiye atakayewakuta abiria. Jioni foleni ikiwa kubwa linakatisha njia, kwa sababu kwenda mpaka mwisho ni kupoteza tripu. Mwanafunzi anasukumwa mlangoni, kwa sababu nauli yake ni ndogo na kiti anachokalia ni kile kile. Tunawalaani madereva kwa tabia hizi kana kwamba wamezaliwa nazo. Mimi siwatetei wanaovunja sheria, lakini nasema kwamba ukimpima mtu kwa fedha za jioni tu, atakuletea fedha za jioni tu.

Jambo hili halihusu daladala peke yake. Uingereza kwa miaka mingi treni ilihesabiwa kuwa imewahi endapo ilifika kituo cha mwisho bila kuchelewa zaidi ya dakika tano, au kumi kwa safari ndefu. Basi ikawezekana treni ichelewe vituo vyote vya katikati na bado iandikwe "imewahi", kwa sababu ratiba iliachiwa dakika za akiba mwishoni. Aliyeshuka katikati hakuwemo kwenye hesabu. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 wameanza kutangaza pia jinsi treni inavyofika kwenye kila kituo, dakika kwa dakika.

Na kuna mfano mzito zaidi, wa Japani, nchi ambayo dunia nzima huitumia kama bikoni ya kuwahi. Mwezi Novemba 2017 kampuni moja ya treni nchini humo iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Sisi tulicheka na kustaajabu. Lakini Wajapani wenyewe wanakumbuka tarehe 25 Aprili 2005, mjini Amagasaki. Treni ilikuwa imechelewa kama dakika moja na nusu. Dereva wake, kijana, alikuwa akiijua adhabu ya kuchelewa: kampuni iliwapeleka madereva wa namna hiyo kwenye mafunzo ya kuwarekebisha yaliyojulikana kwa kuwadhalilisha. Aliingia kwenye kona yenye kikomo cha kilometa 70 kwa saa akiwa na kasi ya kilometa 116. Treni iliacha reli na kugonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, dereva akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo anayesema "tuwabane wawahi, basi" hajamaliza kufikiri. Kipimo kimoja kikiachwa peke yake kinaweza kuua. Kuwahi lazima kupimwe pamoja na usalama, na gharama ipimwe pamoja na abiria walioachwa kituoni.

Wazee wetu wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Hawakukataza kutazama nyota. Baharia asiyezitazama atapotea. Walichokataza ni kupanga safari yako kwa nyota ya mtu ambaye bandari yake siyo yako. Tuangalie wenzetu wa hapa hapa Afrika.

Nairobi, mwaka 2014, serikali ilitaka abiria wa matatu waache kulipa fedha taslimu, watumie kadi. Miji mingine ilikuwa imefanikiwa, kwa nini wao wasiweze? Tarehe iliyopangwa, 1 Julai, ilifika na mpango ukakwama. Ni mfumo ule ule tuliousema: dereva na konda wanaishi kwa fedha za siku ile. Kadi ilipeleka fedha moja kwa moja kwa mwenye gari, lakini haikueleza dereva na konda watakula nini jioni. Walichukua chombo cha mwenzao bila kuchukua mishahara iliyokuwa nyuma yake.

Lagos walikwenda njia nyingine. Nao walitazama Curitiba na Bogotá, mji wa Colombia uliofungua mabasi yake ya TransMilenio Desemba 2000. Lakini walijiuliza, kwa fedha tulizonazo na barabara tulizonazo, kipi kati ya haya yote ni cha lazima kabisa? Mwezi Machi 2008 wakafungua njia ya kilometa 22 ambayo kutoka wazo mpaka kuanza kazi ilichukua miezi 15 hivi. Haikuwa na mapambo yote ya Bogotá. Sehemu nyingine basi lilitengewa njia kwa mstari wa rangi tu. Na chama cha madereva kilihusishwa tangu mwanzo, badala ya kuambiwa siku ya mwisho kwamba kazi yao imekwisha.

Na sisi wenyewe je? Wa rika langu tuliokulia hapa Dar tunayakumbuka mabasi ya UDA, yale Ikarus marefu yaliyoungwa katikati ambayo watu waliyaita kumbakumba. Tunakumbuka pia jinsi magari yalivyolala gereji kwa kukosa vipuri, nchi ikiwa haina fedha za kigeni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, jina likapatikana. Tukapanda Chai Maharage, tukitazamana uso kwa uso, magoti yakigongana. Baadaye vikaja vipanya, na hatimaye mwezi Mei 2016 yakaanza mabasi yaendayo haraka, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla kilometa 21 hivi, kwa mabasi 140.

Mradi ule ulijengwa kwa kujipima na wenzetu, hasa Bogotá. Kuna hata kanuni ya kimataifa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012, inayotoa alama kwa mabasi ya namna hiyo na kuyapanga katika daraja la dhahabu, fedha na shaba. Jiji letu lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, likiwa la kwanza barani Afrika kuipata. Tulistahili kufurahi. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tuzo ilipima ujenzi na mwanzo wa safari. Haikuwapo kituoni jioni ya siku ya kazi katika miaka iliyofuata, pale watu walipojaa mpaka nje wakisubiri basi ambalo halikuja, au lililokuja likiwa limeshajaa.

Na hapa kujipima kwa haki kunatufundisha tena. Mtu akiona kwamba mabasi yaliyotoka gereji ni machache, haraka atasema mafundi ni wavivu. Lakini karakana yetu ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na zaidi ya mara moja mafuriko yameifikia na kuharibu mabasi. Kuna kosa la fundi, kuna kosa la mnunuzi wa vipuri, na kuna kosa la aliyechagua kiwanja. Takwimu moja, majibu matatu tofauti. Asiyeuliza "kwa nini" ataishia kumfukuza fundi, na masika yakirudi maji yatarudi pale pale.

Basi tufanyeje? Mimi si mhandisi wala mchumi. Ni mtangazaji mwenye daftari. Lakini nadhani hatuna haja ya kungoja London. Mtu huanza kujipima na yeye mwenyewe wa jana, kisha na jirani, ndipo aende mbali. Njia ya Mbagala ilinganishwe na njia ya Kimara. Mwezi huu ulinganishwe na mwezi uliopita. Chama cha wenye daladala cha njia moja kilinganishwe na cha njia ya pili. Takwimu tano zinatosha kuanzia: pengo refu kuliko yote kati ya gari na gari asubuhi na jioni, magari yaliyotoka gereji kati ya yaliyopo, kilometa kati ya ubovu mmoja na mwingine, watu walioumia, na watu walioachwa kituoni, wanafunzi wakihesabiwa peke yao.

Na takwimu hizo zibandikwe ukutani kituoni kila wiki, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Hapa natofautiana kidogo na wale wakubwa wa CoMET. Wao wanafichiana siri: kinacholetwa kwenye kundi hakitangazwi pamoja na jina la mwenyewe, ili kila mmoja awe huru kusema ukweli wa udhaifu wake. Naielewa hoja hiyo. Mtu akijua kesho atachekwa gazetini, leo atapika takwimu. Basi mameneja wafichiane siri zao wanapofundishana, lakini pengo la dakika 23 si siri ya meneja. Sisi tuliosimama pale tunalijua tayari. Likibandikwa ukutani, kinachoongezeka ni kwamba na yeye atajua kuwa tunajua kwamba anajua.

Wapo watakaosema kupima ni anasa, kwanza tuongezewe mabasi. Nami nakubali mabasi yanahitajika. Lakini rudini kwenye ile hesabu ya mabasi sita. Ukiongeza mabasi bila kuyapanga, unaongeza urefu wa mkupuo, siyo wepesi wa safari. Mabasi 14 kwa saa yalikuwepo asubuhi ile nilipokaa kituoni, na bado mpwa wangu alichelewa.

Kuhusu ile barua, nilimsaidia kuijibu. Hatukuandika malalamiko. Tulinakili kurasa tatu za daftari, dakika kwa dakika, tukaambatanisha na karatasi moja ya maelezo. Matroni wake alizisoma, akamwita. Hakuifuta barua ya onyo, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Lakini alimwuliza wauguzi wengine wangapi wanatumia njia ile. Wakahesabu, wakawa kumi na mmoja. Sasa wanazungumza kuhusu kusogeza saa ya kupokezana zamu kwa nusu saa, ili yule mama mwenye mtoto mchanga naye ajue saa yake ya kuondoka.

Hilo ni jambo dogo, na halikuongeza basi hata moja barabarani. Lakini lilipatikana kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu aliacha kusema "usafiri ni shida" na akasema ni dakika ngapi, siku gani, kwenye kituo kipi.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.